Sura ya Saba: Ukurasa Uliorukwa

Chumba cha wasemaji hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza moja ndefu, viti vya plastiki, birika la umeme na kapu la waya za kompyuta zilizosokotana kama matumbo. Inspekta alisimama mlangoni akamtazama mwanamke aliyeketi mwisho wa meza, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari.

Wenzake wote kwenye mkutano ule wa waandishi wa programu walimwita Shangazi. Ndiye aliyeandika Tone, programu inayoendesha pampu za dripu katika wodi za hospitali na kupima dawa iingie mshipani kwa kiasi gani. Tone ilikuwa programu huria. Msimbo wake uko wazi kwa dunia nzima: anayetaka kusoma asome, anayeona kosa alete rekebisho. Ila rekebisho haliingii mpaka Shangazi alitie sahihi kwa ufunguo wake, kidude cha chuma anachokivaa shingoni, kinachochomekwa kwenye kompyuta na kuguswa kwa kidole, kidole cha yeyote.

Jana asubuhi, Shangazi akiwa jukwaani anahutubia, rekebisho moja liliingia. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri, wa kumwezesha mtu aliye mbali kumwongezea mgonjwa dawa mpaka afe. Bahati nzuri msomaji mmoja wa msimbo, huko ng'ambo, aliuona kabla haujafika hospitali yoyote. Sahihi iliyouingiza ilikuwa ya Shangazi.

"Mama, nakuuliza tena," Inspekta alisema. "Huu ufunguo hutoka shingoni mwako lini?"

"Unatoka ukiwa kwenye mashine tu."

"Na jana?"

"Jana ulikuwa kwenye mashine. Bila ufunguo mashine yangu haifunguki. Nimepanda jukwaani, nimechomeka waya wa projekta, ukuta umebaki mweusi. Fundi amehangaika, wapi! Watu wanacheka, Mwenyekiti ananionyesha saa. Ndipo Sukari, msaidizi wangu, akapanda na mashine yake. Fundi akaiondoa yangu."

"Na ufunguo ndani yake."

"Na ufunguo ndani yake."

"Hukukumbuka?"

"Afande, umewahi kuhutubia watu mia mbili huku umechelewa kuanza?"

"Sijawahi."

"Ungewahi, ungejua. Hata jina la mama yako hulikumbuki."

Inspekta hakucheka. Polisi wenzake walimwita Msumari, kwa sababu akishaingia hatoki, na kwa sababu hana maneno mengi. Simu ililia mfukoni. Alikuwa Mkuu wake, na haikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Bado unacheza na kompyuta?" Mkuu aliuliza. "Sahihi ni yake au si yake?"

"Ni yake."

"Basi unangoja nini? Kabla ya chakula cha mchana awe ndani."

Simu ikakatika. Shangazi alikuwa amesikia kila neno.

"Niseme nini, afande?"

"Sema kweli."

"Nimeisema. Ndiyo hiyo inayonifunga."

*

Nje, ukumbi ulikuwa umefungwa tangu watu walipoingia asubuhi. Polisi wawili kila mlango. Kiyoyozi kilikuwa kimechoka, na mia mbili walikuwa wanapumua hewa ileile. Wengine walikuwa wamekaa sakafuni karibu na plagi, kompyuta mapajani, vifuniko vimejaa stika kama viraka.

"Afande, mtatuachia lini?" jamaa mmoja alipaza sauti. "Mimi nina mke!"

"Mkeo ndiye aliyetupigia tukushikilie," Sajini akamjibu bila kugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, na daftari lake la maelezo lilikuwa limekunjwa kwapani.

Kicheko kikapita, kikafa haraka. Inspekta aliona wanavyoutazama mlango wa chumba cha wasemaji. Jana walimpigia makofi wamesimama. Leo kila mmoja alikuwa anajiuliza kama alimpigia makofi muuaji.

Fundi wa mitambo walimkuta kwenye kibanda chake nyuma ya ukumbi, nyaya shingoni kama shada la maua. Walimwita Waya. Kabla hajaulizwa alishaanza kujitetea.

"Mimi nilijua tu. Kitu kikiharibika ni fundi. Kikipona ni Mungu."

"Ulipoiondoa mashine ya Shangazi uliipeleka wapi?"

"Nyuma ya pazia. Kuna meza pale. Nikaiweka ikiwa wazi vilevile, nikarudi mbio kwenye kamera."

"Kwa nini hukuifunga?"

"Mashine ya watu? Niifunge, kazi yake ipotee, halafu nani atalaumiwa?"

"Nani anaruhusiwa kupita nyuma ya pazia?"

"Mwenye kitambulisho chekundu. Wasemaji na wasaidizi wao, Mwenyekiti, mimi."

"Wewe," Sajini alirudia, akiandika.

Waya akainama juu ya daftari. "Dada, usiandike hivyo. Andika na hao wengine kwanza."

Inspekta alimwagiza awashe video ya jana. Mkutano ule ulikuwa na desturi ya kurekodi kila hotuba na kuitoa bure kwa yeyote. Kwenye kioo Shangazi alionekana akihangaika na waya, kisha kijana mwenye kofia akapanda upesi, kompyuta mkononi ikiwa wazi, ukurasa wa kwanza wa slaidi umeshakaa tayari. Sauti yake ilisikika vizuri: "Chukua yangu, Shangazi, zako zote zimo." Akaweka, akachomeka, ukuta ukawaka, akashuka kushoto akapotea. Watu wakapiga makofi.

Hotuba ikaanza. Shangazi hakuwa mtu wa kusimama mahali pamoja. Alikwenda huku, akarudi kule, akasogea ukingoni. Na picha ilimfuata kila alikokwenda, bila kumpoteza hata mara moja.

"Kamera hii inajigeuza yenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Hii? Hii ni ya mkono, mzee. Ukiiacha inatazama ukuta tu."

"Basi wewe hukwenda nyuma ya pazia."

Waya alimtazama kama mtu aliyesukumwa nje ya kaburi. "Si ndivyo nilivyosema tangu asubuhi!"

"Ulisema. Sasa nimeona. Na huyu hapa chini, mwenye koti?"

"Mwenyekiti. Kiwiko chake. Anaonyesha kadi za muda, hakutoka hapo."

"Jambo la mwisho. Mashine ya Shangazi uliijaribu kabla?"

"Juzi jioni! Iliwaka kama taa ya harusi."

Sajini alifungua begi la vidhibiti akaitoa kompyuta ya Shangazi. Waya akachomeka waya uleule. Ukuta mdogo wa kibanda ukabaki mweusi. Akabonyeza hapa na pale, akasogeza kitu kimoja kwenye mpangilio wa kioo, na ukuta ukawaka.

"Mtu ameizima kwa ndani," alisema polepole. "Waya haukuwa na kosa. Projekta haikuwa na kosa."

"Kwa hiyo haikuharibika."

"Imeharibiwa, mzee. Hii ni kazi ya mkono."

*

Kijana mwenye kofia aliingia chumba kidogo cha vifaa akatabasamu, akamvutia Sajini kiti kabla hajajivutia chake. Kwa miaka miwili alikuwa msaidizi mkubwa wa Shangazi katika Tone. Hakuwahi kumkatalia mtu kitu, ndiyo maana wakamwita Sukari.

"Mzee wangu, mnamwonea Shangazi," alianza. "Yule mama amechoka. Mtu akichoka anakosea."

"Kwa hiyo unasema amekosea."

"Sisemi kakusudia. Nasema usiku anafanya kazi, mchana anajibu barua za hospitali, hakuna anayemlipa. Labda alitia sahihi bila kusoma."

"Akiwa jukwaani?"

"Labda alipanga ijitume yenyewe."

"Ufunguo si mpaka uguswe kwa kidole?"

Sukari aliisogeza kofia yake nyuma kidogo. "Kweli. Hapo umenishinda, mzee wangu."

Inspekta aliegemea ukuta. Nje ya mlango mtu alikuwa anabishana na polisi kuhusu choo.

"Ulimsaidia jana."

"Nani asingemsaidia?"

"Slaidi zake zilifikaje kwenye mashine yako?"

Sukari akacheka, kicheko cha mtu anayeulizwa maji yanatoka wapi. "Huku kwetu hakuna siri, mzee. Slaidi za kila msemaji ziko kwenye ghala la wazi mtandaoni. Nilizipakua juzi usiku nikiwa chumbani kwangu, nizisome kidogo kabla ya kulala."

"Ulizipata kwa njia hiyo tu? Hakukupa mwenyewe?"

"Anipe za nini, na ziko wazi?"

"Na alipokuwa anahutubia ulisimama wapi?"

"Kando ya jukwaa, kushoto. Mashine yangu iko juu pale, nilitaka niwe karibu isije ikazimika."

"Kuna aliyekuona?"

"Watu walikuwa wanamtazama Shangazi, si mimi."

Sajini akamsomea maelezo yake neno kwa neno. Sukari akasikiliza, akasahihisha herufi moja, akatia sahihi kwa mwandiko mzuri. Akapeana mikono na wote wawili. Mkono wake ulikuwa mkavu kabisa, katika jengo ambalo kila mtu alikuwa anatiririka jasho.

"Mtu mwema," Sajini alisema mlango ulipofungwa.

"Mwema mno. Twende tukamalizie ile video."

*

Mwisho wa hotuba, mkono wa Mwenyekiti uliinua kadi nyekundu. Muda umekwisha. Shangazi alisikika akisema, "Haya, haya, nimechelewa kuanza, mnisamehe," akabonyeza kurasa zilizobaki zikapita mbio ukutani, moja, nyingine, nyingine, akafika penye neno la ahsante.

"Rudisha," Inspekta alisema. "Polepole. Hapo. Simamisha."

Ukurasa mmoja kabla ya mwisho ulikuwa na picha, si maandishi ya msimbo kama kurasa nyingine. Mtu amelala mezani, kichwa juu ya kibodi, kofia imemfunika uso. Chini yake mlikuwa na maneno, ila kamera ilikuwa imemkazia Shangazi, na maneno yalikuwa ukungu.

"Kofia hiyo naijua," Waya alinong'ona.

Kwenye chumba cha wasemaji, Shangazi hakutaka kuzungumzia ukurasa ule. Alizungusha kikombe kitupu mezani.

"Ule hauna kazi tena, afande. Muda ulikwisha, nikauruka."

"Ukurasa wenyewe unasemaje?"

"Mambo yetu ya ndani."

"Mama, saa hizi huna mambo ya ndani. Kilichobaki ndani ni selo."

Akashusha pumzi. "Nilikuwa natangaza kwamba Tone namkabidhi Sukari. Nimeibeba peke yangu tangu binti yangu hajazaliwa, sasa yuko sekondari. Kila simu ikilia najua kuna wodi mahali fulani pampu imegoma. Sijawahi kwenda hata msibani bila kompyuta. Nilitaka kuutua mzigo, na yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia, Shangazi, nenda kalale, nitaangalia mimi."

"Alijua?"

"Hakujua. Nilitaka nimshtukize mbele za watu. Ndiyo maana niliutengeneza jana asubuhi, hapahapa, kwenye kiti hiki."

Inspekta alivuta kiti akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu alfajiri.

"Ukaupeleka kwenye ghala la wazi?"

"Ningeupeleka angeuona. Haukutoka kwenye mashine yangu."

"Kabla ya kupanda jukwaani uliiacha mashine na mtu?"

"Nilikwenda kuvalishwa kipaza sauti. Nikamwambia Sukari niangalizie mara mo..."

Hakumaliza. Kikombe kiliacha kuzunguka.

"Jana ulihutubia kwa mashine yake," Inspekta alisema. "Ukurasa huo ulikuwa ukutani. Hukushangaa?"

"Slaidi zangu, ukurasa wangu. Mtu hashangai kukuta miguu yake ndani ya viatu vyake." Sauti ilikuwa imekauka. "Labda..."

"Labda nini?"

Akakisukuma kikombe kando. "Hakuna labda. Alizichukua humu, nilipotoka. Na humu ndimo alimozima kioo, ili nishindwe, ili ufunguo ubaki nyuma ya pazia."

Sajini alikuwa ameshasimama. "Nimkamate, afande? Ametia sahihi kwamba alizipakua juzi."

"Na slaidi zenyewe ziko kwenye mashine yake. Akituona tunaikimbilia, kidole kimoja tu, zimefutika. Halafu nitamwambia nini Mkuu? Nimwambie ghala? Mkuu anajua ghala la mahindi." Akamgeukia Shangazi. "Ratiba inasema wewe ndiye unayefunga mkutano."

"Wananitazama kama mchawi, afande. Siwezi kupanda pale."

"Ukikaa humu, ni humu mpaka karandinga ije. Ukipanda, utakuwa na la kusema."

Akatazama kuta nne, moja baada ya nyingine, kana kwamba mmojawapo ungeweza kufunguka.

"Nitahitaji mashine," alisema.

"Ndiyo hapo. Utaazima."

*

Alipotokea jukwaani hakuna aliyepiga makofi. Mia mbili walikaa kimya, na kimya cha watu waliofungiwa ni kizito kuliko kelele zao.

Inspekta alishika kipaza sauti kama anashika nyoka. "Huyu mama ana maneno na nyinyi. Mashine yake ninayo mimi, ni kidhibiti. Nani atamwazima?"

Vichwa vikageuka upande mmoja, bila kupangwa. Sukari alikuwa mstari wa tatu. Alitabasamu. Angekataaje, yeye, mbele ya watu wote wale? Akapanda, akachomeka, ukuta ukawaka.

"Slaidi za jana bado unazo, mwanangu?" Shangazi aliuliza.

"Zipo, Shangazi. Zilezile."

"Ulizozipakua juzi," Inspekta alisema.

"Hizohizo, mzee wangu." Akazifungua mwenyewe.

"Nenda mwishoni. Ukurasa kabla ya ahsante. Jana niliuruka."

Sukari akabonyeza, kurasa zikapita, kisha ikaja picha ya mtu aliyelala juu ya kibodi. Ukumbini kuna aliyecheka. Halafu wakaanza kusoma, na Sukari naye akageuka ukutani akasoma, kwa mara ya kwanza: *Kuanzia leo Tone na funguo zake ni mali ya mdogo wangu huyu. Mwacheni alale kidogo, kesho kazi ni yake.*

Mkono wake ulibaki hewani juu ya kibodi.

"Huu ukurasa niliutengeneza jana asubuhi," Shangazi aliwaambia watu. "Sikuupeleka ghalani. Msiniamini mimi. Tazameni wenyewe."

Hakuhitaji kurudia. Wale walikuwa watu wasioamini hata saa ya ukutani mpaka wailinganishe na ya kwao. Vifuniko vya kompyuta vikainuka safu kwa safu, vidole vikaanza kunyesha kama mvua juu ya bati. Wa kwanza kuinuka alikuwa yule mwenye mke.

"Haumo!" alipaza. "Ghalani ukurasa uliotangulia unafuatwa na ahsante moja kwa moja!"

"Haumo hata kwenye za juzi," akasema mwingine.

"Haujawahi kuwamo!"

"Kaka, umeutoa wapi?" sauti ya msichana mmoja iliuliza kutoka nyuma, bila hasira, kama anavyouliza mtu anayetaka kweli kujua.

Sukari alitazama mlango wa kushoto. Polisi wawili. Wa kulia, wawili. Nyuma ya pazia alikopenya jana, Sajini alikuwa amesimama na mikono yake mipana, na daftari wazi kwenye ukurasa wenye mwandiko mzuri. Jasho likamtoka ghafla, kana kwamba joto la jengo zima lilikuwa linamngoja.

"Shangazi," alisema kwa sauti ndogo. "Sikujua."

"Ulizima kioo changu, nikachelewa kuanza," Shangazi alijibu. "Dakika ulizonila ndizo nilizoziweka za kukukabidhi."

Inspekta aliifunga kompyuta ile taratibu, akaitia begini. "Aliyekutuma nani, kijana?"

Sukari alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Haya. Tuna muda sasa. Mimi sina pa kwenda."

Sajini akamshusha kwa ngazi za nyuma. Inspekta alimpigia Mkuu, akasema maneno machache, akasikiliza mengi, akakata. Kisha akapunga mkono, na milango yote ikafunguliwa kwa pamoja. Hewa ya nje ikaingia. Watu wakatoka wakisukumana, wakipiga simu, wakicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wengine walipita jukwaani kumshika Shangazi mkono. Hakuna aliyesema, mimi nitaishika Tone.

Ukumbi ulipobaki na viti, simu ya Shangazi ililia. Akasikiliza. "Imegoma tangu saa ngapi?" aliuliza. "Basi mtoeni mgonjwa kwenye pampu, mpimieni dawa kwa mkono. Nakuja kuiangalia sasa hivi."

Akamtazama Inspekta. Inspekta alitia mkono mfukoni akatoa kile kidude cha chuma na kamba yake. Vidhibiti havirudishwi kabla ya kesi, hilo alilijua vizuri. Akamwekea kiganjani hata hivyo, pamoja na karatasi ya kutia sahihi.

Shangazi alitia sahihi. Akainamisha kichwa, akairudisha kamba shingoni.